Stelingi Hafi: Watazamaji wa "Animal" Sumbawanga Wanabishania Nini Hasa?

Kuna muvi zinapita mjini kwa wiki mbili na kusahaulika, na kuna zile zinazobaki vinywani mwa watu. "Animal" ya Sandeep Reddy Vanga ni ya kundi la pili. Ilitoka India tarehe 1 Desemba 2023, ikaingia Netflix mwishoni mwa Januari 2024, lakini huku Sumbawanga wengi hawakuisubiri Netflix. Ilikuja kwa njia ile ile zinayojia zote: kwenye flashi, kwa jamaa wa duka la kukopi muvi, kisha vibanda umiza, kisha simu kwa simu mpaka Laela na Matai. Na ilikuja ikiwa imeshatafsiriwa na DJ. Hilo la DJ nitalirudia, maana nadhani wachambuzi wengi wanalipita bila kuliangalia.

Hadi leo, ukiitaja pale stendi au kwa mama lishe sokoni, huchelewi kupata ubishi. Na ubishi wenyewe ni mzuri kuliko muvi. Ndiyo maana nauandikia hapa, kwenye blogu ya fasihi, badala ya kuuacha kijiweni.

Kwa ambao hawajaiona, kwa ufupi: Ranvijay (Ranbir Kapoor) ni mtoto wa tajiri wa chuma wa Delhi, Balbir Singh (Anil Kapoor). Baba yuko bize, mtoto anampenda baba kama mgonjwa. Akiwa bado mwanafunzi anasikia dada yake kasumbuliwa chuoni. Anaingia darasani na bunduki. Baba anampeleka shule ya bweni. Anakua, anamwoa Gitanjali (Rashmika Mandanna), anahamia Marekani. Siku baba yake anapigwa risasi anarudi nyumbani, anakusanya binamu zake kutoka Punjab, na kuanzia hapo damu haikauki. Anamuua shemeji yake. Anapigana na ndugu wa ukoo wao wenyewe, Abrar (Bobby Deol), asiyeweza kusema. Muvi ni saa tatu na dakika ishirini na moja, na India yenyewe iliipa cheti cha watu wazima pekee.

Sasa, watazamaji. Kwa niliowasikia mimi, wamegawanyika sehemu tatu.

Wa kwanza ni vijana, hasa wa kiume, wanaosema hii ni muvi ya mapenzi ya mtoto kwa baba. Kwao Ranvijay ni stelingi kamili: ana ndevu, ana bunduki kubwa kama mashine ya kukoboa mahindi, na haombi msamaha. Ukimtajia wanawake anavyowatendea, jibu ni kwamba alikuwa na hasira, na hasira yake ina sababu. Wengi wao hawaongelei mapigano kwanza. Wanaongelea baba. Wanaijua nyumba ambayo mzee anaondoka alfajiri na kurudi usiku, au anakwenda Tunduma kutafuta hela na kukaa msimu mzima, na akirudi hakuna anachokuuliza zaidi ya matokeo ya shule. Kijana wa aina hiyo akimwona Ranbir Kapoor analia mbele ya baba asiyemtazama, huwezi kumwambia kwamba muvi haina maana.

Wa pili ni wanawake wa rika zote, na wanaume wachache, wanaosema waliizima katikati. Kinachowakera zaidi ni Zoya (Triptii Dimri), msichana aliyetumwa kumpeleleza Ranvijay. Akigundulika, Ranvijay anamwambia athibitishe mapenzi yake kwa kulamba kiatu. Wengine wanataja harusi ya Abrar, ambapo bibi harusi anaingiliwa kwa nguvu siku ya ndoa yake, na muvi inalipita jambo hilo kama vile ni tabia tu ya adui. Wanawake hawa hawasemi muvi ina damu nyingi. Wamekua na muvi za damu. Wanasema hakuna mtu ndani ya ile nyumba anayemwambia huyu mtoto "koma".

Wa tatu ni wale wa "jamani, ni muvi tu". Hawa ni wengi kuliko wote, na sioni kama wanajibu swali. Mbona hawasemi "ni muvi tu" wanapoipenda?

India nako walibishana hivyo hivyo, ila kwa vipaza sauti vikubwa. Mbunge Ranjeet Ranjan aliilalamikia bungeni Desemba 2023, akieleza kwamba binti yake alitoka ukumbini akilia. Mwandishi wa miswada Javed Akhtar alisema hadharani kwamba muvi ambayo mwanamume anamwambia mwanamke alambe kiatu, kisha ikafanikiwa sokoni, ni jambo la hatari. Upande wa pili, watu walijaza kumbi, na Ranbir akachukua tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora. Tukumbuke pia kwamba Vanga ndiye aliyetengeneza "Arjun Reddy" (2017) na "Kabir Singh" (2019), muvi zilizozua malalamiko hayo hayo kuhusu mwanamume anayempiga mpenzi wake kofi. Anajua anachokifanya.

Javed Akhtar ni mtu muhimu kwenye hadithi hii kwa sababu nyingine. Yeye na Salim Khan ndio walioandika "Deewaar" (1975). Na hapa nataka kuwatetea kina mama wa kundi la pili, maana huwa wanaambiwa hawajui sinema, wakati kwa kweli wanaijua kuliko vijana wao.

Chukua "Awara" ya 1951, muvi iliyopendwa sana Zanzibar na pwani yetu enzi za kumbi kubwa. Raj Kapoor, babu mzaa baba wa huyu Ranbir, anacheza mtoto aliyekataliwa na baba yake hakimu. Huyo hakimu anaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba yake Raj wa damu. Kwa hiyo ukoo huu umekuwa ukituonyesha ugomvi wa baba na mtoto kwa zaidi ya miaka sabini. Raj naye ni mhalifu, naye anajaribu kumuua mzee wake. Lakini muvi ile imejengwa kuzunguka mahakama. Baba anasimamishwa kizimbani, na anayemhoji ni mwanamke, wakili Rita, aliyeigizwa na Nargis. Baba anajibu mashtaka, mtoto naye anahukumiwa. Wote wawili wanawajibika.

Njoo "Mother India" ya 1957. Radha, Nargis tena, anampenda mwanawe Birju kuliko chochote. Birju anamuua mkopeshaji aliyewanyonya, na mtazamaji anamshangilia. Lakini anapomteka binti wa yule mkopeshaji siku ya harusi yake, mama anachukua bunduki na kumpiga risasi mwanawe wa kumzaa. Binti ni wa adui, ndiyo. Lakini ni binti wa kijiji. Na kwenye "Deewaar", mama anaacha jumba la kifahari la Vijay (Amitabh Bachchan) kwa sababu limejengwa kwa hela chafu, anakwenda kuishi na Ravi, yule mtoto polisi. Mwishoni Vijay anakufa mikononi mwake.

Muvi hizi zote zina damu, zina machozi, zina mambo yasiyowezekana. Hata sisi tukitaka kumwambia mtu anatia chumvi tunamwambia aache sinema za Kihindi. Ila zilikuwa na kitu kimoja ambacho mtazamaji alikitegemea: nyumba ilikuwa na baraza lake. Kulikuwa na mtu, mara nyingi mama, aliyeweza kumpenda mkosaji na bado akamhukumu. Huko ndiko machozi yalikotoka.

"Animal" imebakiza kila kitu cha muvi hizo, ukoo, jumba, kiapo, kisasi, ila imeondoa baraza. Mama wa Ranvijay yupo, lakini ni kama kiti. Dada anaambiwa mumewe kauawa na kaka yake, na muvi haina muda wa kukaa na msiba wake. Gitanjali peke yake anajaribu kusema, na Rashmika anaigiza ugomvi ule vizuri, mwishowe anaondoka na watoto. Lakini kuondoka kwake kumewekwa kama jeraha jingine la Ranvijay. Hata mke akiondoka, tunatakiwa kumhurumia mume. Kina mama wanaosema hakuna wa kumwambia "koma" wameitaja kasoro kubwa ya ujenzi wa hadithi, kwa maneno machache kuliko haya yangu.

Hapa ndipo anapoingia DJ. Tangu enzi za Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyewafundisha Watanzania kusikiliza muvi kwa Kiswahili, anayetafsiri hatafsiri maneno tu. Anaeleza, anatania, anatia methali, anamkaripia mhusika. Anakuambia nani wa kumwonea huruma. Kwa maneno mengine, kwenye kibanda DJ ndiye baraza. Pale mkurugenzi aliponyamaza, DJ ana nafasi ya kusema. Akifika kwenye kiatu cha Zoya anaweza kucheka, na kibanda kizima kitacheka naye. Anaweza pia kusema neno moja tu, "huyu sasa kavuka", na kicheko kikakatika. Maneno hayo hayamo kwenye muvi ya Vanga. Ni utunzi wa Kiswahili juu ya picha ya Kihindi. Sisi wa fasihi tunaosoma tafsiri za vitabu kwa miwani tungepaswa kusikiliza tafsiri hizi pia, maana hadhira yake ni kubwa kuliko ya riwaya yoyote inayochapwa nchini. Toleo nililolisikia mimi lilichagua kucheka.

Kwa nini hilo litusumbue huku Ufipa? Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na kuandika juu ya Wafipa kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1989 makala kuhusu "fumbo la amani" la Ufipa: vipi jamii hii ilijulikana kwa kilimo, biashara na upole wa maneno kuliko vita. Wafipa wanapenda kuisikia sifa hiyo, na ina ukweli wake. Lakini amani ya barabarani na amani ya chumbani ni mambo mawili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 40 kati ya kila 100 Tanzania, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Na 58 kati ya 100 walikubali kwamba kuna angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe. Kwa wanaume waliokubali hivyo, idadi ilikuwa 40. Soma tena: wanawake wengi zaidi ya wanaume.

Sisemi "Animal" imeleta hayo. Takwimu hizo ni za miaka saba kabla yake. Ninachosema ni kwamba kicheko cha kibandani hakitui kwenye uwanja mtupu. Kinatua karibu na msichana wa Kizwite au Chanji ambaye ameshafundishwa kwamba hasira ya mwanamume ina sababu. Na vibandani wanakaa watoto, cheti cha watu wazima kiliishia uwanja wa ndege wa Mumbai.

Niwe mkweli kwa muvi pia. Ranbir Kapoor anaigiza kwa kiwango kikubwa. Na karibu na mwisho, baba akiwa ameshajua kwamba ana saratani, Ranvijay anamwomba wabadilishane: wewe uwe mimi, mimi niwe wewe. Mzee analazimika kusimama mahali pa mtoto anayeomba kusikilizwa. Tukio lile ni zito, halina bunduki hata moja, na ndilo lililowaliza vijana wa kundi la kwanza. Hawakukosea kulia. Linaonyesha muvi ambayo Vanga angeweza kuitengeneza kwa dakika mia moja, ya mtu aliyekosa baba akawa balaa kwa kila aliyemzunguka. Ila anaufuta ujasiri wake mwenyewe: baada ya majina kupita, analeta muuaji mpya mwenye sura ya Ranvijay na kutuahidi sehemu ya pili, "Animal Park". Stelingi hafi.

Kwa hiyo ukiniuliza uitazame au usiitazame, nitakuambia itazame ukiwa na mtu mzima aliyeiona "Mother India" au "Deewaar", na muache akatize. Akisema "huyu angekuwa mwanangu", shusha sauti umsikilize anamalizia vipi.