Kukagua Draiva Iliyotengenezwa

Mwanafunzi wa kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, huku Kesses, akiweka Linux kwenye laptopu ya mtumba, mara nyingi kinachomsumbua kwanza ni Wi-Fi. Anatafuta msimbo wa draiva, anaandika make, skrini inajaa makosa. Rafiki wa hosteli jirani anamtengenezea, Wi-Fi inashika. Kazi ya rafiki huyo inafaa kukaguliwa, kwa sababu draiva iliyokubali kukompailiwa si lazima iwe imepona.

Muulize kwanza alianza na kosa lipi. Fundi hupanda hadi lile la juu kabisa, kwani mengi yaliyo chini ni uzao wake. Kama lilisema folda ya build iliyo chini ya /lib/modules haipo, msimbo hauna hatia: heda za kerneli (kiini cha Linux) inayotumika hazijawekwa. Aliyehariri msimbo hapo ameharibu tu.

Ubingwa hasa huonekana pale kerneli ilipobadilika. Linux hulinda programu za kawaida zisivunjike, lakini haiwaahidi waandishi wa draiva kwamba fanksheni zake za ndani zitabaki zilivyo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, alieleza sababu katika waraka uliomo kwenye kerneli yenyewe. Chukua timer, kipima muda kinachoiita fanksheni ya draiva muda uliopangwa ukifika. Toleo 4.15, la Januari 2018, liliondoa init_timer, ikabaki timer_setup. Zamani fanksheni ya timer ilipokea namba, kwa kawaida anwani ya data ya draiva. Sasa inapokea anwani ya timer yenyewe. Fundi mbaya hubadilisha jina, kisha huilazimisha aina ya fanksheni ifanane na inayotakiwa, na kompaila inanyamaza. Siku timer inapoita, fanksheni inasoma anwani ya timer ikidhani ni data yake, na kwa kuwa iko ndani ya kerneli, inaweza kuigandisha mashine nzima. Fundi mzuri hutumia from_timer (tangu toleo 6.16 la mwaka 2025 inaitwa timer_container_of) kuipata data inayoibeba timer hiyo, tena huzingira mabadiliko yake kwa sharti la LINUX_VERSION_CODE, akitaja toleo lilelile yalipoanzia. Hilo la mwisho nalithamini mno: linaonyesha kwamba alisoma historia ya kerneli, hakubahatisha.

Fungua pia Makefile. Ukikuta -w imeongezwa, maonyo yote yamezimwa, nawe irudishe kazi hiyo. Kisha iondoe draiva kwa rmmod, uipakie upya, urudie mara kadhaa huku ukisoma dmesg. Draiva isiyosafisha timer zake wakati wa kutoka hujifichua hapo.

Lakini kabla ya yote, angalia kama kazi yenyewe ilihitajika. Kadi ya Realtek RTL8821CE, iliyowahangaisha wengi, ina draiva ndani ya kerneli tangu toleo 5.9 la mwaka 2020, kupitia rtw88. Fundi akitazama kadi yako kwa lspci, akakushauri usasishe kerneli badala ya kukompaili chochote, mpe kazi nyingine.