Orodha ya Makosa au Kamusi? Uhakiki wa Usahihishaji wa Tahajia katika Maelezo ya Programu Huria kwa Mifano ya Majina ya Uluguru

Ikisiri

Makala hii inahakiki njia mbili zinazotumika kusahihisha tahajia katika maelezo yaliyomo ndani ya msimbo wa programu huria: kulinganisha maneno na kamusi, na kutumia orodha ya makosa yanayojulikana. Kwa kutumia majina ya mahali ya Morogoro na Milima ya Uluguru, makala inaonesha kwamba njia ya kamusi huhesabu kila neno lisilofahamika kuwa kosa, na hivyo huhatarisha maandishi ya jamii yenye lugha nyingi. Njia ya orodha ina stahamala zaidi, lakini hushindwa pale ambapo umbo lenye kosa ni neno halali, kama ilivyo kwa ili na hili. Makala inapendekeza kigezo cha ushahidi wa ndani ya matini.

1.0 Utangulizi

Usanifishaji wa tahajia ya Kiswahili ulisimama juu ya kitabu kilichopigwa chapa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikagua miswada kabla haijachapishwa. Kamusi ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ziliwapa wahariri na walimu mahali pa kurejea. Katika utaratibu huo mhariri alikuwa na mswada mmoja, mwandishi aliyejulikana, na siku ya mwisho ya kusahihisha. Baada ya siku hiyo, kosa lililobaki lilisubiri toleo jingine.

Programu huria zimevunja utaratibu huo. Msimbo wake husomwa na kubadilishwa na watu wasiojuana, walio katika nchi mbalimbali, wakati wowote baada ya kutolewa. Kusahihisha tahajia katika maelezo ya msimbo kumekuwa mojawapo ya kazi za kwanza anazokabidhiwa mchangiaji mgeni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa hufanywa kwa msaada wa mashine. Wataalamu wa Kiswahili wameshughulika zaidi na istilahi za kompyuta, hasa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Swali la nani anastahili kusahihisha maandishi ya mwenzake, na kwa ushahidi gani, limepata nafasi ndogo. Makala hii inalishughulikia swali hilo.

2.0 Maelezo ya Msimbo kama Matini

Katika lugha nyingi za kompyuta, mstari ulioanzishwa kwa alama maalumu, kama vile # au //, hurukwa na mashine. Mstari huo ni maelezo: mwandishi humweleza msomaji wa baadaye sababu ya hatua fulani, humwonya, au humwachia kumbukumbu. Kwa kuwa mashine haiyasomi, kosa la tahajia ndani yake haliwezi kuizuia programu kufanya kazi.

Ukweli huo umezaa misimamo miwili. Wa kwanza hudai kwamba tahajia ya maelezo haina umuhimu. Wa pili hudai kwamba, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuharibika, kila marekebisho ni faida. Misimamo yote miwili inasahau kwamba maelezo yana msomaji, na msomaji huyo ni binadamu. Mashine inapokutana na kosa katika amri, husimama na kulalamika. Msomaji anapokutana na maelezo yaliyopotoshwa, huamini na kuendelea. Kwa sababu hiyo, upotoshaji wa maelezo unaweza kuishi muda mrefu kuliko upotoshaji wa amri.

Msimamo wa pili ulionesha udhaifu wake hadharani mwezi Oktoba 2020, katika tamasha la Hacktoberfest, ambapo washiriki waliahidiwa fulana kwa idadi ya michango. Wasimamizi wa programu nyingi walifurikiwa na mabadiliko madogo yasiyo na maana, na waandaaji wakalazimika kubadili masharti ili zihusike tu programu zilizokubali kushiriki. Tukio hilo linaonesha kwamba usahihishaji unaohesabiwa bila kusomwa huwaongezea wasimamizi mzigo. Aidha, katika mfumo wa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, anayetafuta historia ya mstari huoneshwa kwanza jina la aliyeugusa mwisho. Msahihishaji wa herufi moja hujitokeza mbele ya mwandishi wa hoja. Kumbukumbu ya zamani haifutiki, lakini kuifikia kunahitaji hatua zaidi.

3.0 Njia Mbili za Kutambua Kosa

Njia ya kwanza ni ya kamusi. Kikaguzi hupewa maneno yanayokubalika pamoja na kanuni za uambishaji, na kila umbo lisilotokana na hayo huwekewa alama ya kosa. LibreOffice hutumia njia hii kwa Kiswahili, kwa orodha ya maneno yenye alama sw_TZ na mfumo wa Hunspell. Mfumo huo ulibuniwa kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayorundika viambishi hasa mwishoni mwa neno. Kitenzi cha Kiswahili huvirundika pia mwanzoni: katika hawajatuandikia, viambishi vinne vimetangulia mzizi. Tatizo hili lina ufumbuzi wa kiisimu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kazi ya SALAMA mwaka 1985, alionesha kwamba mofolojia ya Kiswahili inaweza kuchanganuliwa kwa mashine kwa undani mkubwa. Hata hivyo, uchanganuzi bora wa mofolojia hauondoi dhana iliyo chini ya njia yenyewe, kwamba neno lisilojulikana ni neno lenye kosa.

Njia ya pili ni ya orodha ya makosa. Mfano wake unaofahamika ni faili ya spelling.txt iliyomo katika msimbo wa Linux. Kila mstari una umbo lenye kosa, mistari miwili wima, kisha umbo sahihi. Utangulizi wa faili hiyo unaeleza kwamba asili yake ni chombo cha Lintian cha Debian, na kwamba maneno yaliyodhaniwa kimakosa kuwa makosa yaliondolewa. Maelezo hayo mafupi yana uzito kinadharia. Yanaonesha kwamba orodha ni matini iliyohaririwa: mtu alikutana na umbo, akaamua kwamba si kosa katika mazingira yale, akalifuta. Kwa njia hii, neno lisilojulikana huachwa kama lilivyo.

Tofauti kati ya njia hizi ni ya mahali panapowekwa mzigo wa kuthibitisha. Kamusi humtaka mwandishi athibitishe kwamba neno lake ni halali, ilhali orodha humtaka msahihishaji athibitishe kwamba neno la mwandishi ni kosa. Kwa msomi aliyelelewa na kamusi, njia ya kwanza inaonekana kuwa ya kitaalamu zaidi. Mifano ya Uluguru inatilia shaka mtazamo huo.

4.0 Ushahidi wa Majina ya Uluguru

Kilele kirefu zaidi cha Uluguru, chenye zaidi ya mita 2,600, huitwa Kimhandu. Katika Kiswahili Sanifu, mh hupatikana katika maneno kama mhariri na mhadhiri, ambamo m ni kiambishi cha ngeli na h ni sauti ya kwanza ya mzizi. Ni sauti mbili zilizokutana mpakani mwa mofimu. Katika lugha kadhaa za ukanda wa Morogoro na Dodoma, Kiluguru kikiwamo, mh na nh huwakilisha nazali moja yenye mpumuo, ambayo kihistoria inahusishwa na nazali iliyofuatwa na kipasuo sighuna. Kikaguzi cha kamusi hakilijui jina hilo, na msahihishaji anayeongozwa nacho anaweza kuiona h kuwa ya ziada na kuandika *Kimandu. Atakuwa amesanifisha jina kwa kuondoa alama ya fonimu ambayo Kiswahili hakina.

Mfano wa pili ni Tchenzema, kata ya Mgeta inayojulikana kwa kilimo cha mboga. Tahajia ya tch ni ya desturi ya Kifaransa, na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo kuelekea Uluguru walikuwa na asili ya Ufaransa. Kwa kanuni za Kiswahili Sanifu, t hiyo haina kazi, kwa kuwa ch inatosha. Hata hivyo, Tchenzema ndilo jina rasmi la kata. Chukulia kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anaandika programu ya kupokea vipimo vya mvua, na jina la kata limo katika data kama Tchenzema. Msahihishaji akibadili maelezo yawe *Chenzema na kuiacha data, atakuwa amekata uhusiano kati ya maelezo na kitu kinachoelezwa. Anayetafuta Tchenzema ndani ya msimbo ataiona data, wala hataona onyo lililoandikwa kwa ajili yake. Akibadili data pia, programu haitalingana tena na kumbukumbu za serikali.

Hali hiyo si ya Uluguru peke yake. Itifaki ya HTTP, iliyochapishwa kama RFC 1945 mwaka 1996, ina kichwa kinachoitwa Referer, ambacho kwa Kiingereza kilipaswa kuwa na r mbili katikati. Kosa liligunduliwa baada ya kuenea, na likabaki kuwa jina. Maelezo yanayokizungumzia kichwa hicho hayana budi kulifuata kosa hilo. Tahajia ya maelezo, kwa hiyo, hutawaliwa na lugha yake na pia na kile yanachokieleza.

Mfano wa tatu unahusu wakati. Katika kitabu cha safari alichokichapisha mwaka 1872, Henry Morton Stanley aliutaja mji uliokuwa mahali pa Morogoro ya leo kwa tahajia ya Simbamwenni, na maandishi ya enzi ya Wajerumani yana umbo la Mrogoro. Programu inayohifadhi nyaraka za kale itakuwa na maumbo hayo katika data na maelezo yake. Kwa kikaguzi, ni makosa mawili. Kwa mwanahistoria wa lugha, ni ushahidi wa jinsi wageni walivyoyasikia na kuyaandika majina.

Hatimaye kuna ritifaa. Dodoma, jirani na Morogoro, kuna kata ya Ng'hong'honha, ambayo huandikwa pia Ng'ong'ona. Kikaguzi ambacho hakikuelezwa kwamba ritifaa ni sehemu ya tahajia hulikata jina vipande, na kila kipande huhesabiwa kuwa kosa. Hata neno la kawaida kama ng'ombe hupatwa na mkasa huo. Katika mifano yote hii, orodha ya makosa ingenyamaza, na kunyamaza huko ndiko kungekuwa sahihi.

5.0 Mipaka ya Orodha

Ubora wa orodha usichukuliwe kuwa ukamilifu. Makosa mengi ya kawaida katika uandishi wa Kiswahili hutoa maneno halali. Kudondosha h hugeuza hili kuwa ili na hapa kuwa apa. Kutotofautisha dh na z, au th na s, hugeuza dhana kuwa zana na thamani kuwa samani. Kuwa huandikwa kua, ambalo ni kitenzi chenye maana yake. Hakuna jozi kati ya hizi inayoweza kuingizwa katika orodha bila madhara. Mashine iliyoagizwa kubadili kila ili kuwa hili ingeharibu sentensi sahihi nyingi kuliko zile ingeziponya.

Madhara yake katika msimbo ni makubwa. Maelezo yanayosema “usifute ili kabla ya kuhifadhi” yana kosa linalotambulika kwa sintaksia: kitenzi elekezi kimekosa yambwa, na ili haikufuatwa na kishazi cha kusudi. Msomaji mwenye umilisi wa Kiswahili atasoma hili mara moja. Zana na dhana ni ngumu zaidi, kwa kuwa zote ni nomino, hupatana na vitenzi kwa namna ileile, na zote zina nafasi katika uandishi wa programu. Sentensi “zana hii imeelezwa katika faili ya pili” ni sahihi kisarufi kwa vyovyote vile. Jibu limo katika faili ya pili, ambayo orodha wala kamusi haiisomi.

6.0 Kigezo cha Ushahidi wa Ndani

Taaluma nyingine imekwisha kulikabili tatizo hili, na Uluguru imo ndani yake. Mwaka 1928, Barbour na Loveridge walimpa chura wa milima hiyo jina la Hoplophryne uluguruensis. Majina ya aina hiyo hutawaliwa na Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika mwaka 2000. Kifungu cha 32.5 kinaagiza kwamba tahajia ya awali ihifadhiwe, isipokuwa pale ambapo chapisho lenyewe, bila kurejelea chanzo cha nje, lina ushahidi wazi kwamba mwandishi aliteleza. Kukiuka kanuni za Kilatini hakutoshi kuwa sababu ya kusahihisha.

Kigezo hicho kinaweza kuhamishiwa katika maelezo ya msimbo kwa hatua tatu. Kwanza, umbo linalotiliwa shaka lilinganishwe na maumbo mengine ya mwandishi yuleyule: aliyeandika kuwa mara sita na kua mara moja ameteleza, na ushahidi ameutoa mwenyewe. Pili, jina lilinganishwe na data au amri inayoelezwa, na lisibadilishwe peke yake. Tatu, pale ambapo matini haitoi ushahidi, msahihishaji aulize badala ya kubadili. Kigezo hiki kina gharama. Kitaacha baadhi ya makosa ya kweli, na kitahitaji wasomaji wanaoelewa Kiswahili na msimbo kwa pamoja. Inawezekana kudai kwamba gharama hiyo ni kubwa mno kwa kazi ndogo. Hata hivyo, kosa lililoachwa laweza kusahihishwa kesho, ilhali jina lililosanifishwa kimakosa halionekani tena kuwa na kasoro, na hivyo hakuna atakayelitafuta.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba orodha ya makosa, japo ni chombo duni kiisimu, inalingana zaidi na hali halisi ya maandishi ya Kiswahili yanayoishi pamoja na Kiluguru, Kigogo, Kiingereza na mabaki ya Kifaransa na Kijerumani. Kamusi hubaki na kazi yake katika kitabu cha shule na katika tasnifu, ambako mwandishi amekubali mapema kufuata usanifu. Kwa idara za Kiswahili, hatua inayofuata ni kukusanya orodha ya makosa ya Kiswahili isiyo na jozi za maneno halali, na kuambatisha nayo orodha ya pili ya maumbo yasiyopaswa kuguswa. Kimhandu, Tchenzema na Ng'hong'honha yawe miongoni mwa maumbo ya mwanzo katika orodha hiyo ya pili.