Kivuli Juu ya Maji: Maoni Kuhusu Mwanzo wa Senema ya "Darwin's Nightmare"

Mwanafunzi wa utungaji wa senema atakaye kujua namna ya kumtia mtazamaji wasiwasi tangu mwanzo, hana haja ya kwenda mbali na Mwanza. Picha ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotolewa mwaka 2004, ni habari za watu wa kweli, si kisa cha kubuni. Walakini mlango wake umejengwa kama mlango wa hadithi ya upelelezi.

Kwanza twaona kivuli cha ndege kikipita juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Kisha tumo katika mnara wa uwanja wa ndege wa Mwanza, na mwongozaji wa ndege anahangaika kumwua mdudu. Hapana jambo kubwa lisemwalo. Kazi hii ni nzuri sana, kwani swali limekwisha pandwa: ndege hizi zichukuazo minofu ya sangara kwenda Ulaya, zinakuja na nini? Watungaji wengi wanaoanza humwaga damu katika dakika ya kwanza, wakabaki hawana tena cha kuficha.

Lakini swali likisha kuulizwa lina deni. Marubani wanahojiwa mara kwa mara, na jibu lipatikanalo karibu na mwisho ni la rubani mmoja anayekiri kupeleka vifaru Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Ungamo hilo ni zito, nami sitaki kulipunguza. Ila ni la Angola, na kivuli tulichoonyeshwa kilikuwa cha Mwanza. Katika hadithi ya kubuni msomaji angenung'unika tu. Hapa mji mzima ulitiwa katika shaka, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu picha hiyo hadharani. Njaa, maradhi na mapanki yaliyoanikwa juani picha iliyaonyesha kwa macho. Silaha za Mwanza iliziacha zidhaniwe.

Kuna jambo jingine, nalo latuhusu sisi wa lugha zaidi. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya uchunguzi wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu, aliyepata kazi baada ya mwenziwe kuuawa, anazungumza kwa Kiingereza. Maneno yake ni mafupi, na kila kituo chasikika kama tishio. Yamkini nusu ya utisho huo ni uchache wa msamiati tu. Mtu yule yule, akiulizwa kwa Kiswahili, angeweza kufanya mzaha, kuzunguka, kukwepa, hata kumrudishia mwulizaji swali lake. Basi mwanafunzi atakayekwenda na kamera Mwaloni Kirumba na amwache mvuvi aseme kama asemavyo na wavuvi wenziwe, tafsiri iandikwe chini ya picha. Kivuli cha ndege akipenda na akiazime. Ila aonyeshe na shehena.