Juu ya Urafiki wa Wanyama katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Walimu wa watoto wadogo katika milima ya Uluguru wavijua vitabu vyembamba vya picha ambamo wanyama huvaa nguo: sungura mwenye kaptula, tembo mwenye mkoba, simba na mbuzi wakila keki meza moja. Makusudi ya vitabu hivyo ni mema, kuwafundisha wadogo adabu na urafiki. Tena tangu mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, vitabu vya Kiswahili vya watoto vimeongezeka, wala hapana asiyeshukuru. Walakini shukrani haituzuii kupima. Nami naona kwamba katika vingi vya vitabu hivi wanyama wamo katika picha, lakini katika kisa hawamo.

Mtoto wa Mgeta awajua wanyama. Amefukuza kima katika mahindi. Amewakatia majani mbuzi wa maziwa, wale ambao asili yao ni Norway, walioletwa huko katika miaka ya 1980. Ajua ya kuwa mbuzi mkubwa humsukuma mdogo penye pumba, wala haombi radhi. Basi aonyeshwapo mbuzi asemaye, "Tafadhali, tangulia wewe," hucheka, na kicheko hicho mwandishi hakukitaka. Mbuzi huyo ni mtoto mwema aliyevikwa pembe tu.

Sisemi kwamba yafaa wanyama wa hapa peke yao. Kisa bora cha urafiki nikijuacho kwa Kiswahili ni kile cha kima na papa, alichokisikia Edward Steere huko Unguja na kukipiga chapa London mwaka 1870, miaka minne kabla ya kuwa askofu. Mtoto wa Mgeta hajapata kumwona papa, na hapo ndipo picha ifaapo kweli. Kima akaa juu ya mkuyu ulioinama baharini, humtupia papa matunda kila siku. Papa amwalika kwao, ambeba mgongoni. Nao wakiwa katikati ya maji amwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwamba kima wasafiripo huiacha mioyo yao mitini. Papa arudi naye pwani, na kima apanda mti wake, asishuke tena. Wahindi nao wana ndugu ya kisa hiki katika Panchatantra, na huko mwenye kubeba ni mamba.

Humo hakuna aliyevaa kaptula. Papa ni papa, kima ni kima, na urafiki wapimwa na tabia ya kila mmoja. Mtoto hana haja ya kuambiwa kosa liko wapi.

Najua watakaosema: kima amedanganya, nasi twafundisha kweli. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana ndiyo iliyomfanya sungura wa zamani kuwa mpole mno katika vitabu vya sasa. Lakini niliposimulia kisa hiki darasani, watoto hawakubishana juu ya uongo. Walibishana kama papa alimpenda kima kweli, kwa kuwa alimwambia habari ya moyo kabla ya kufika. Mmoja alisema, "Alimhurumia." Mwingine, "Ni mjinga tu." Sijapata kusikia mabishano ya namna hiyo juu ya simba na keki yake.

Liko na jambo la pili, nalo lagusa desturi. Vitabu hivi hupenda kanuni kwamba rafiki hamcheki rafiki. Kanuni hiyo ifike Mgeta kwa hadhari. Waluguru wana utani, ambao Christensen aliuandikia makala mwaka 1963. Na mtani hukutukana mbele ya watu, kisha ndiye wa kukufaa msibani. Mtoto amsikiaye babu yake akitukanwa na mtani, na babu akicheka, afundishwe kwamba yule si rafiki? Twamchanganya bure. Afadhali kitabu kimwonyeshe tofauti ya mzaha na dharau, kazi iliyo ngumu zaidi, nayo haijafanywa vema katika vitabu nilivyovisoma.

Kwa wachoraji nina ombi dogo. Kima asichorwe kama sokwe asiye na mkia, wala asichanganywe na mbega; watoto wa milimani hulitambua kosa hilo mara moja, na baada ya hapo hawamwamini mchoraji kwa lolote, hata kwa papa.

Na kisa hiki kikipata kuchorwa upya, ukurasa wa katikati ya bahari uachwe bila maneno: maji pande zote, mkuyu mdogo kwa mbali, kima akitazama nyuma. Mwalimu aulize, "Moyo wake uko wapi?" kisha angoje.