Mgonjwa Asiyesema

Pale Ras al Jinz, pwani ya Sur nchini Oman, mwongozaji wa hifadhi huwaacha wageni nyuma gizani, akatangulia peke yake kumtazama kasa. Mchanga ukirukaruka, kasa bado anajichimbia pa kulalia kwa mapezi ya mbele. Ukitulia, sasa anachimba tundu la mayai kwa mapezi ya nyuma, na taa ya ovyo yaweza kumrudisha baharini. Mpaka mayai yaanze kudondoka, mia moja hivi, ndipo wageni huitwa. Kasa hakuulizwa neno. Amesomwa.

Usomaji huo ndio kazi ya daktari wa mifugo, nami nauheshimu kuliko ufasaha wowote wa jukwaani. Aliye hodari hakimbilii kumshika ng'ombe. Husimama kando ya zizi kwanza: nani anacheua, nani kajitenga, nani masikio yamelala. Kisha mkono hupita chini ya sikio kupapasa tezi, maana ndigana kali huletwa na kupe, na kupe wake hupenda sikio. Mbuzi hufunuliwa ukope wa chini. Ukiwa mweupe, huenda minyoo imemnyonya damu. (Wanunuzi wa mnada wa Ijumaa pale Nizwa, hukohuko Oman, nao hufunua midomo na kupapasa migongo, ila wao wanatafuta bei.) Kipimajoto huja baadaye, kuthibitisha. Na mwenye mfugo naye husomwa: aliyechelewa kuita daktari hudai ugonjwa umeanza jana.

John Babiiha wa Toro, Uganda, aliyezaliwa 1913, alisomea udaktari wa mifugo Makerere kabla ya kuingia katika siasa. Nchi ilipopata uhuru, Waziri Mkuu Milton Obote alimpa wizara ya mifugo, wanyamapori na uvuvi. 1966 akawa Makamu wa Rais, hadi Idi Amin alipopindua serikali Januari 25, 1971. Umakamu sina haja nao. Wizara ndiyo inayonivutia, kwa kuwa mbung'o na sotoka haziishi kwa mkoba wa daktari mmoja. Zinataka sheria, fedha na chanjo ya nchi nzima, tena majirani wakubali kuchanja pamoja.

Chanjo ya sotoka iliyoleta ushindi ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui.