Soko katika Riwaya na Soko la Buseresere

Fasihi ya Kiswahili ilikulia katika miji ya pwani iliyoishi kwa biashara. Maneno kama faida, hasara, bei na rasilimali yaliingia katika lugha pamoja na majahazi, wala hapana Mswahili ayaonaye leo kuwa maneno ya kigeni. Ni ajabu, basi, kwamba riwaya za Kiswahili zimempa mfanyabiashara heshima kidogo sana. Mkulima hupewa hekima, mwalimu hupewa subira, na mama hupewa huruma; mwenye duka hupewa tamaa. Soko huingia katika hadithi kama mlango wa kupotea, na kijana aliyeupita hurudi shambani akiwa amejuta, au harudi kabisa.

Mfano ulio wazi ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi ya mshahara katika biashara ya mjini, anashika jembe, na kwa jembe hilo anapata utulivu ambao fedha haikuweza kumpa. Kitabu hicho kina nguvu ya maadili isiyokanushika. Lakini uzito wake wote umewekwa upande mmoja: shamba ni mahali pa utu, na biashara ni mahali ambapo utu unaingia hatarini. Msomaji haonyeshwi jinsi mazao ya mkulima yule mwema yanavyomfikia mlaji, wala nani anayapima, wala kwa bei gani.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwenda mbele zaidi katika Dunia Uwanja wa Fujo, kilichochapishwa mwaka 1975. Tumaini anautapanya urithi wake kwa anasa, kisha anajirudi na kuwa mkulima tajiri. Siasa ya Ujamaa inapomtaka aitoe mali yake, anaua, na mwisho wake ni kitanzi. Hapa mkulima na mwenye mali wamekuwa mtu mmoja, na jambo hilo ni hatua kubwa. Hata hivyo riwaya haikumwachia mtu huyo njia ya kuishi. Ama mali ife, ama mwenye mali afe.

Ni vema mgawanyo huo wa shamba na soko upimwe kwa mahali halisi. Buseresere ni mji mdogo wa Wilaya ya Chato, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Umeshikana na Katoro hata mgeni hawezi kutambua mpaka wa wilaya mbili unapopita. Mtu wa huko aweza kulima mahindi na pamba wakati wa mvua, akashuka mgodini wakati wa kiangazi, na mkewe akawa na meza ya dagaa sokoni mwaka mzima. Akiulizwa kama yeye ni mkulima, mchimbaji au mchuuzi, hatakuwa na jibu moja, kwa kuwa fedha ya dhahabu hununua mbegu, na mahindi humlisha aliye shimoni. Riwaya ikimtaka achague upande, italazimika kumkata vipande.

Historia ya nchi hiyo yaonyesha zaidi ya hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Manung'uniko juu ya mizani hiyo yaliwafanya wakulima, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo vilikua vyama vya ushirika, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani. Na Bomani huyo alikuwa ametokea katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Hivyo ujuzi wa daftari, uliotiliwa shaka katika riwaya, ndio uliomtetea mkulima. Mali bila daftari hupotea bila habari; wakulima wale walijua methali hiyo kwa hasara yao.

Ushirika nao haukubaki mtakatifu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kushindana navyo. Kila mara mizani ilibadili mikono, na kila mara mkulima aliuliza swali lile lile.

Dhahabu imeuliza swali hilo kwa ukali zaidi. Mgodi wa Geita wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kando yao wachimbaji wadogo wameendelea. Mawe yatokapo hugawanywa kwa mifuko: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Aliyewakopesha chakula na vifaa mara nyingi ndiye huinunua dhahabu yao, na deni humpa uwezo wa kutaja bei. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi soko la madini likafunguliwa Geita, ili dhahabu ipimwe mbele ya watu. Ni mizani ile ile ya pamba, imerudi kwa umbo jingine.

Maisha hayo yamezaa pia lugha. Duara, lililokuwa neno la hesabu, limekuwa shimo la kuchimbia. Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Mwalo ni mahali pa kuoshea. Rashi ni mkurupuko wa watu kukimbilia dhahabu mpya. Katika neno rashi pekee mna riwaya nzima: kijiji cha mahema kinachoota kwa wiki moja, na ukimya unaobaki watu wakiondoka.

Mtu aweza kujibu kwamba waandishi waliliogopa soko kwa haki. Zebaki hushikwa kwa mikono mitupu, mashimo huporomoka, na watoto huacha shule wakafuata mawe. Hayo ni kweli, na fasihi inayoyafumbia macho haina faida. Lakini kulilaani soko lote ni kumwacha bila mtetezi yule anayeibiwa ndani yake, kwa sababu yeye naye yumo sokoni, wala hana mahali pengine pa kwenda. Shaaban Robert alimfundisha msomaji kumheshimu mshika jembe. Kazi iliyobaki kwa riwaya ya kizazi hiki ni kusimama kando ya mizani, kama walivyosimama wapimaji wa pamba, na kuandika kwa uaminifu nani ameweka kidole juu yake.