Noti Iliyokwisha Kupigwa: Uhakiki wa Dai la Victor Wooten Kuhusu Makosa ya Mpiga Besi

Makala haya yanahakiki dai la Victor Wooten, mpiga gitaa la besi wa Marekani anayejulikana hasa kupitia bendi ya Béla Fleck and the Flecktones. Katika kitabu chake The Music Lesson na katika mafunzo yake ya hadharani, Wooten hushikilia kwamba mpigaji akiangukia noti isiyofaa, ile inayofaa ipo jirani, nusu toni juu au chini. Dai hilo huandamana na jingine linalotugusa wanaisimu: kwamba muziki ufunzwe kama lugha ya kwanza, ambayo mtoto huizungumza pamoja na wakubwa wake bila kusahihishwa kila hatua. Wooten mwenyewe ni kitinda mimba wa ndugu watano wa kiume, na alijifunza kwa kupiga pamoja nao.

Hesabu yake ni sahihi. Noti ziko 12. Ngazi ya meja huchukua 7, na kila moja ya zile 5 zinazobaki ina jirani wa ngazi pande zote mbili. Lakini hesabu hiyo huipima noti dhidi ya ngazi, ilhali sikio huipima dhidi ya kinacholia wakati huohuo. Kinanda kikishikilia do, mi na so (natumia solfa, ambayo wanakwaya wetu wanaifahamu kuliko herufi), fa ndefu ya besi ni mwana halali wa ngazi, na bado inakwaruza.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Besi si ala sawa na nyingine, kwa kuwa noti ya chini kabisa huchangia mno kuamua za juu zisikike kuwa nini. Do, mi na so zilezile zikiwekewa la chini yake, furaha yake hugeuka simanzi. Kwa hiyo mpiga besi hakosei peke yake. Huwabadilishia wenzake maana ya walichokwisha kupiga. Kinyume chake pia ni kweli: mpiga kinanda akikosea, besi inaweza kuhama na kumpa haki. Herbie Hancock amesimulia jinsi Miles Davis alivyomfanyia jambo kama hilo kwa tarumbeta huko Stuttgart, akapiga noti zilizoyafanya makosa ya kinanda yakubalike. Kwa maoni yangu, kisa hicho kina nadharia nzito kuliko nusu toni ya Wooten, maana kinauhamisha ukombozi kutoka vidole vya mtu mmoja hadi kwenye kundi.

Schegloff, Jefferson na Sacks (1977) walionyesha kwamba katika mazungumzo msemaji hupendelea kujirekebisha mwenyewe, mara nyingi kabla zamu yake haijaisha. Mpiga besi hana “yaani” wala “samahani”, pigo limekwenda. Kilichobaki ni kusonga mbele: ateleze hadi noti jirani, au airudie ileile katika mzunguko unaofuata mpaka isikike kuwa ya makusudi, mradi asiuache mdundo.

Kiswahili kina urekebishaji wa aina hiyo, nao haujachunguzwa inavyostahili. Msemaji aliyekusudia “vitabu” akiponyokwa na “zile”, anaweza kurudi nyuma: “zile... vile vitabu.” Anaweza pia kusonga mbele na kutafuta nomino itakayokubaliana na kiambishi kilichokwisha kutoka: “zile nakala.” Katika unukuzi, wa kwanza ana kosa na wa pili hana, ingawa wote wawili waliteleza mahali pamoja.

Suala hili si la kinadharia tu tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, Julai 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Mtahini anayehesabu makosa atamkata alama msemaji wa kwanza na hatauona ustadi wa wa pili. Hata hivyo, anayependekeza tumfuate Wooten na kuacha kusahihisha anasahau sharti moja la kisa chake. Wooten aliteleza katikati ya kaka zake waliokuwa wakiushikilia wimbo. Katika darasa ambalo Kiswahili hakisikiki nyumbani kwa mwanafunzi yeyote, na mwalimu ndiyo kwanza anajifunza, “zile” ikiponyoka hakuna aliye karibu wa kuidaka.